Nyumba za Mji Mkongwe Zinapogawanywa Kuwa Fleti: Uzito, Maji na Chokaa

Mtu apitaye katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja huona nyumba kubwa za mawe zenye ghorofa mbili, tatu hata nne. Nyingi zilijengwa katika karne ya 19 na matajiri wa karafuu, wafanyabiashara na watu wa ukoo wa kifalme, na kila moja ilikusudiwa jamaa moja pamoja na watumishi na watumwa wake. Leo katika nyumba ya namna hiyo aghalabu hukaa kaya nne, sita au zaidi, kila kaya na vyumba vyake, jiko lake na pipa lake la maji. Nyumba imekwisha kuwa jengo la fleti, ingawa mara nyingi hapana mhandisi aliyepata kuyachorea ramani mabadiliko hayo.

Mabadiliko yenyewe yalishika kasi baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Nyumba nyingi zilitaifishwa, wengi wa waliokuwa wenyewe wakahama nchi, na familia kutoka Ng'ambo, mashamba na Pemba zikapewa vyumba humo. Wakati huohuo nguvu za ujenzi za serikali zilielekezwa Ng'ambo, ambako majumba marefu ya Michenzani yalijengwa. Mji Mkongwe ukabaki na wakazi wengi na mafundi wachache. Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na mwaka 2000 mji huo ukaandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Swali lililo muhimu kwa mwanafunzi wa sayansi ni hili: kwa nini ukuta uliosimama zaidi ya miaka 100 bila tabu huanza kupasuka miaka michache tu baada ya nyumba kugawanywa? Jibu la haraka ni kwamba nyumba imezeeka. Jibu hilo halitoshi. Mawe hayazeeki kama wanadamu. Kilichobadilika ni mizigo inayowekwa juu ya sakafu, kiasi cha maji kinachoingia katika kuta, na aina ya lipu inayopakwa juu yake.

Kila jengo la kale lina kizuizi chake kinachotokana na vitu lilivyojengewa. Huko New York, Marekani, maghala na viwanda vya zamani katikati ya mji viligeuzwa kuwa makao ya watu, na mwaka 1982 ikatungwa sheria maalumu ya kuyahalalisha makao hayo. Kuanzia mwaka 1995, majengo ya ofisi katika ncha ya kusini ya kisiwa cha Manhattan nayo yakaanza kugeuzwa kwa wingi kwa msaada wa nafuu ya kodi. Tatizo kubwa la wahandisi wa huko ni mwanga: jengo la ofisi ni pana mno, na chumba kilicho katikati yake hakipati dirisha. Katika Mji Mkongwe tatizo hilo ni dogo, kwa kuwa vyumba ni vyembamba na nyumba nyingi zina uwanja wa ndani ulio wazi hadi juu. Wembamba huo ndio unaomwonyesha mtu mahali pa kuanzia kuielewa nyumba.

Nguvu ya boriti

Chumba cha nyumba ya mawe ya pwani kwa kawaida kina upana usiozidi mita 3 hivi, hata kama urefu wake ni mita 6 au 10. Upana huo haukuchaguliwa kwa ajili ya urembo. Sakafu ya juu hubebwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyonyooka, ambayo hulazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Urefu na unene wa boriti ndio uliompa fundi kipimo cha chumba. Juu ya boriti hupangwa mawe ya matumbawe, na juu ya mawe humiminwa zege la chokaa na kokoto ambalo hushindiliwa kwa vipande vya miti mpaka likawa gumu.

Sakafu ya namna hii ni nzito sana. Hebu msomaji achukue chumba cha mita 3 kwa 6, chenye tabaka la mawe na chokaa la unene wa sentimita 25. Ikikadiriwa kwamba mita moja ya ujazo ya tabaka hilo ina uzito wa kilo 1,700, basi kila mita ya mraba ya sakafu ina kilo 425, na chumba kizima kina kilo 7,650. Huo ni uzito wa sakafu yenyewe, kabla ya kuingia kitanda wala mtu. Boriti zikiwa zimeachana kwa sentimita 30, kila moja hubeba kilo 380 hivi siku zote, usiku na mchana.

Sasa familia mbili zinagawana chumba hicho. Fundi anaitwa, naye anajenga kiambaza cha matofali ya saruji kukata chumba katikati. Kiambaza kina kimo cha mita 3, upana wa mita 3 na unene wa sentimita 15; matofali yakiwa ya kilo 2,000 kwa mita ya ujazo, uzito wake ni kilo 2,700. Jambo ambalo fundi huweza kulisahau ni kwamba kiambaza kinachokata chumba kwa upana wake hufuata mkondo uleule wa boriti. Hakisimami juu ya boriti zote 20 bali juu ya moja au mbili. Kikisimama juu ya mbili, kila moja huongezewa kilo 1,350, na mzigo wake wote huwa yapata mara nne na nusu ya ule iliouzoea. Sakafu nene husaidia kuhamishia sehemu ya mzigo huo kwa boriti za jirani, na ndiyo sababu nyumba haianguki siku ileile. Lakini sakafu huanza kubonyea, mlango wa chumbani hukataa kufungika, na ufa huonekana pale kiambaza kinapokutana na ukuta wa zamani.

Kanuni mbili za fizikia zinafaa kukumbukwa hapa. Ya kwanza ni kwamba nguvu inayoipinda boriti yenye mzigo uliosambaa sawasawa huongezeka kwa kipeo cha pili cha urefu wake: boriti ya mita 4 hupindwa kwa nguvu inayokaribia mara 1.8 ya ile ya mita 3, ingawa kila mita imebeba mzigo uleule. Kwa hiyo mwenye duka la chini anayevunja ukuta wa kati ili apate nafasi hafanyi jambo dogo, maana ukuta huo ndio uliozipokea ncha za boriti za pande zote mbili. Kanuni ya pili ni kwamba uwezo wa mti wa duara kuhimili mpindo hufuata kipeo cha tatu cha kipenyo chake. Boriti ya sentimita 15 iliyoliwa na mchwa au kuoza pande zote mpaka ikabaki sentimita 12 imepoteza sehemu moja tu ya tano ya kipenyo, lakini nguvu yake imeshuka hadi karibu nusu, kwa kuwa 0.8 × 0.8 × 0.8 ni 0.512. Mtu aitazamaye kutoka chini hataona tofauti.

Sakafu iliyobonyea nayo huleta kishawishi. Wengi huisawazisha kwa kumwaga zege la saruji juu yake. Tabaka la sentimita 5 katika chumba kilichotajwa huongeza uzito unaozidi kilo 2,000. Kwa maneno mengine, boriti iliyolalamika kwa kuzidiwa hujibiwa kwa kuongezewa mzigo.

Maji yasiyokuwamo katika hesabu ya kale

Nyumba ya jamaa moja ilikuwa na sehemu chache za maji. Vyoo kwa kawaida viliwekwa kimoja juu ya kingine katika pembe moja ya nyumba, na maji machafu yakateremka moja kwa moja hadi shimoni. Jiko mara nyingi lilikuwa uani au juu kabisa. Vyumba vilivyobaki vilikuwa vikavu.

Nyumba inapokuwa na kaya sita, kila kaya hutaka, na ina haki ya kutaka, mahali pake pa kupikia na kuogea. Wakiwamo watu 30, na kila mmoja akitumia lita 40 kwa siku, lita 1,200 hupandishwa na kuteremshwa ndani ya nyumba kila siku. Tena, kwa sababu maji ya bomba hayafiki ghorofani saa zote, kila kaya huweka akiba. Pipa moja la lita 200 lina kilo 200. Mapipa matatu yakipangwa ukutani, boriti za mahali hapo zimebeba zaidi ya nusu tani. Bafu jipya hujengwa juu ya chumba cha kulala cha watu wa chini, na bomba lake hupitishwa katika mfereji uliochimbwa ukutani. Kiungo cha bomba kikivuja, kinavuja ndani ya ukuta, na hapana anayejua mpaka doa litokeze upande wa pili.

Hapa kemia na fizikia ya chokaa hukutana. Jiwe la matumbawe ni kalisi kabonati, mabaki ya wanyama wadogo wa baharini. Likichomwa katika tanuu kwa joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, hutoa kabonidioksidi na kubaki chokaa hai, yaani kalisi oksidi. Katika kilo 100 za kabonati safi hubaki kilo 56 tu za chokaa hai; kilo 44 hupotea hewani. Chokaa hai ikimwagiwa maji huchemka kwa nguvu na kuwa chokaa iliyozimwa, yaani kalisi haidroksidi. Hii ndiyo inayochanganywa na mchanga na kujengewa. Polepole, kwa miezi na miaka, hunywa tena kabonidioksidi kutoka hewani na kurudi kuwa kalisi kabonati. Ukuta wa matumbawe na chokaa basi, kwa lugha ya kemia, ni kitu cha aina moja: jiwe lililounganishwa kwa jiwe lililozaliwa upya.

Ukuta huo umejaa vitundu vidogo sana. Kama utambi wa kibatari unavyoyavuta mafuta kwenda juu, ndivyo vitundu hivyo vinavyoyavuta maji kutoka ardhini. Nyumba za zamani hazikuwekewa kizuizi cha unyevu katika msingi. Zilitegemea njia nyingine: maji yaliyopanda yalitoka kwa kukauka kupitia lipu ya chokaa, ambayo nayo ina vitundu. Mradi yanayotoka yanalingana na yanayoingia, unyevu hukoma mahali fulani karibu na ardhi na sehemu ya juu hubaki kavu. Kwa lugha ya mafundi, ukuta unapumua.

Saruji hubadilisha mizani hii. Lipu ya saruji ina vitundu vichache na vidogo zaidi, hivyo maji hayapati njia ya kutosha ya kutokea. Hayarudi ardhini. Hupanda juu zaidi yakitafuta mahali pa kukaukia, na safari yao huweza kufika kwenye ncha za boriti zilizozikwa ndani ya ukuta. Mti ukikaa muda mrefu na unyevu unaozidi asilimia 20 hivi ya uzito wake mkavu, kuvu huweza kuota na kuula. Mti wa mkoko ni mgumu na una tanini nyingi, lakini nao haukuumbwa kukaa ndani ya ukuta ulioloa siku zote. Kuoza huanza nchani, ndani ya mawe, mahali pasipoonekana, napo ndipo boriti inapotua mzigo wake wote.

Chumvi huzidisha tatizo. Katika mji uliozungukwa na bahari, maji yanayopanda huwa na chumvi. Yakikauka juu ya lipu ya chokaa, chumvi huachwa kwa nje kama unga mweupe na lipu hubambuka kidogo kidogo. Kazi ya mwenye nyumba ni kupaka upya. Yakikauka nyuma ya lipu ya saruji, fuwele za chumvi hukua ndani na kulisukuma bamba zima la lipu, ambalo huanguka pamoja na uso wa jiwe. Lipu ya chokaa huharibika yenyewe ili ukuta upone. Lipu ya saruji huokoka huku ukuta ukiharibika. Fundi apendekezaye saruji hana nia mbaya: saruji hupatikana dukani, hukauka upesi, na siku ya kwanza huonekana imara kuliko chokaa. Ni kitu kizuri kwa majengo yaliyokusudiwa kujengwa nacho.

Jaribio kwa ajili ya darasa

Walimu wanaweza kulionyesha jambo hili bila vyombo vya gharama. Vikatwe vipande viwili vya jiwe la matumbawe vyenye ukubwa mmoja, vikaushwe juani na kupimwa uzito. Kimoja kipakwe pande zake nne lipu ya chokaa na mchanga, cha pili lipu ya saruji na mchanga, kwa unene mmoja. Chini kuachwe wazi, na juu kufunikwe kwa plastiki. Itumike chokaa iliyokwisha kuzimwa, wala si chokaa hai, maana chokaa hai huunguza macho na ngozi; hata iliyozimwa ishikwe kwa uangalifu. Vipande vikae mwezi mmoja, kisha visimamishwe katika sahani mbili zenye kina cha sentimita 2 za maji yaliyotiwa wino, na maji yaongezwe kwa kipimo kila yanapopungua. Sahani zifunikwe kwa plastiki kuzunguka jiwe ili maji yasikauke kwa njia nyingine. Baada ya majuma mawili wanafunzi walinganishe maji yaliyoongezwa katika kila sahani, kisha vipande vipasuliwe na kimo cha wino kipimwe ndani ya jiwe.

Kugawa nyumba bila kuiharibu

Kinachosemwa hapa hakina maana kwamba nyumba hizi zisikaliwe na watu wengi. Nyumba iliyofungwa huharibika upesi kuliko inayokaliwa, kwa kuwa hapana anayeliona tone la kwanza la mvua. Ila mgawanyo wafaa ufuate tabia ya jengo. Vyoo, mabafu na majiko yarundikwe katika pembe ileile ya kale, kimoja juu ya kingine, kila kaya ipate chake katika ghorofa yake. Mabomba yateremke juu ya uso wa ukuta, mahali yanapoonekana, hata kama macho hayapendezwi. Bomba linalovuja mbele ya watu hutengenezwa. Viambaza vipya viwe vya mbao au mabamba mepesi. Matangi ya maji yawekwe chini, au juu ya ukuta mnene, siyo katikati ya sakafu. Uwanja wa ndani usijengwe vibanda wala kuezekwa, maana ndio pua na jicho la nyumba: hewa ya moto hupanda na kutoka huko, na vyumba vyote vya ndani hupata mwanga kutoka huko.

Paa lina habari yake. Nyumba nyingi zilikuwa na dari bapa za chokaa, na baadaye zikaezekwa mabati juu yake. Mvua ya milimita 50 kwa siku moja juu ya paa la mita za mraba 200 ni lita 10,000. Mfereji mmoja wa mabati ukiziba katika masika, maji hayo yote huteremkia ukuta mmoja. Lakini paa ni la nani? Kaya ya juu huona maji yakiingia. Kaya ya chini ni kavu na haioni sababu ya kuchanga. Na kodi ya nyumba, ikiwa ndogo, haimtoshi mwenye nyumba kununua hata mabati. Baadhi ya nyumba ni za serikali, baadhi ni za wakfu, nyingine ni za watu binafsi au za warithi wengi waliotawanyika. Kodi ikipandishwa mpaka ilipie matengenezo kamili, wakazi wengi hawataimudu, na nyumba iliyotengenezwa vizuri hutamaniwa mara moja na mwenye hoteli. Hapo jengo limeokolewa na fleti zimetoweka. Hesabu ya boriti ni rahisi kuliko hesabu hii, na mpango wowote wa matengenezo usioamua mapema nani atalipia paa na nani atabaki ndani haujakamilika.

Gharama ya kukawia nayo imeonekana. Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba hilo halikuwa fleti bali makumbusho, tena lilijengwa kwa namna tofauti na nyumba za vichochoroni, lenye nguzo za chuma. Hata hivyo liliwakumbusha wakazi wa nyumba za jirani kutazama juu.

Kutazama huko kunaweza kufanywa kwa utaratibu. Ufa ulio ukutani huenda ni wa miaka 50 na umekwisha kutulia, au huenda unapanuka kila mwezi. Jicho pekee haliwezi kutofautisha. Wahandisi hutumia kipande chembamba cha kioo, urefu wa kidole, ambacho hubandikwa kwa plasta ngumu kikiuvuka ufa, pande zote mbili zikiwa zimeshikwa sawasawa, na tarehe huandikwa pembeni yake. Ukuta ukisogea hata kidogo, kioo hupasuka, kwa kuwa hakinyumbuki. Kilicho kizima baada ya masika mawili huonyesha ufa uliolala. Kilichopasuka ni sababu ya kumwita mhandisi siku hiyohiyo, na ya kuyahamisha mapipa ya maji kutoka chumba hicho kabla hajafika.